Soba hausi inayowapokea wafungwa getini: nyota nne, na kwanini nimeikalia ya tano

Nimewapa nyota nne. Ya tano nimeikalia makusudi na nitasema kwanini huko chini, ila kwanza nieleze maana kila wiki inboksi yangu ina mtu anauliza "dada ile sehemu ya mdogo wako ikoje, wa jela wanapokelewa kweli?" na mi nimechoka kurudia voisi noti ile ile ya dakika tisa. Nakiweka chote hapa, anayeona ndefu aruke.

Jina la nyumba silitaji. Sio siri ya serikali, ni kwamba mtaani wanapokaa kuna majirani wameshaenda mara mbili kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wanataka "hao mateja" wahamishwe, sasa mi nikiweka jina pamoja na mapungufu yao nayoyajua nitakua nimewapa hao majirani kuni za kuwachomea. Jua tu ni Dar, pembeni ya mji, na ni moja ya zile ambazo kwenye makaratasi zinaitwa nyumba za upataji nafuu, ambazo sisi wote tunaziita soba hausi, yani wanakokaa watu wanaojaribu kuacha unga au pombe. Tofauti yao na nyingine nilizowahi kuzijua ni moja tu na ndo iliyonifanya niandike: wao wanaanza na mtu akiwa bado ndani, alafu siku ya kutoka wanakuwepo getini. Mengine yote ni ya kawaida, mengine chini ya kawaida, lakini hilo la geti aisee.

Mdogo wangu, nimwite Dogo, anakula unga, yani heroini, tangu ana miaka kumi na tisa. Alianza na kokteli, ile bangi iliyonyunyiziwa unga, baadae akawa anavuta moshi wake kwenye foili, baadae sindano. Wenye mtu wa hivi nyumbani hamna haja niwaeleze, mnajua habari ya sufuria kupotea, mtungi wa gesi kupotea, mama kulala na simu ndani ya foronya. Kilichompeleka jela ni pampu ya maji ya jirani. Akapigwa miaka mitatu, akatumikia miwili maana theluthi wanakukatia ukiwa na tabia nzuri.

Nikiri kitu hapa. Siku anahukumiwa mi nilishukuru. Nilitoka mahakamani nikanunua mihogo nikala kwa raha, nikajisemea angalau huko hamna unga, atatoka mtu mpya. Na najua wengi ndo tunavyowaza, tunaifanya jela kama hospitali ya bure. Arosto yake, yale mateso ya mwili kukosa unga, aliimalizia kwenye sakafu ya mahabusu ya kituo cha polisi ambacho sikitaji, siku tano sita za kutapika, kuharisha, jasho, miguu inarusha mateke yenyewe usiku kucha na wenzie wanamtukana maana hawalali, panadoli hamna. Kwaiyo unga ukatoka mwilini ndio, ila kichwa hakikuguswa na mtu. Alikuja kuniambia mwenyewe kwamba mule ndani alikua anahesabu siku kama wafungwa wengine, ila ye alikua hahesabu za kurudi nyumbani, alikua anahesabu za kurudi maskani, kule kijiweni kwa wala unga.

Wale jamaa walimkuta zimebaki kama miezi sita. Wana kibali cha kuingia mara mbili kwa mwezi, wanakaa na wale waliokaribia kutoka, kwenye benchi tu, hamna projekta hamna semina. Wanaoingia ni waelimishaji rika, nao wenyewe wametoka hukohuko, mmoja kafungwa mara tatu na anakwambia kabisa gereza gani lina maharage mazuri. Hawahubiri. Wanauliza vitu vya ajabu ajabu vidogo: siku ya kwanza utalala wapi, nani anakuja kukuchukua, mfukoni utakua na shilingi ngapi, ukishuka stendi unapita wapi. Dogo walimpa karatasi wakamwambia chora njia ya kutoka stendi mpaka kwenu ambayo haipiti maskani. Akachora, akafuta, akachora. Hamna njia. Huku kuna kijiwe cha bodaboda wanapouzia, huku kuna gereji bovu, ukizunguka kwa nyuma unatokea palepale kwa pusha, muuza unga. Anasema alikaa na ile karatasi wiki mbili na ndo ilimfanya akubali kwamba asirudi nyumbani moja kwa moja. Sisi ndugu tulikua tumemwambia "usirudie tena" mara elfu moja na hatukuwahi hata siku moja kuangalia ile ramani.

Mimi walinipigia miezi mitatu kabla. "Dada, tarehe ya kutoka ya mdogo wako unaijua?" Siijui. Dada mkubwa wa mtu, siijui. Wakaniita kwenye kikao cha ndugu, tulikua akina mama saba na mzee mmoja, na ndo niliposikia kwa mara ya kwanza habari ya wiki mbili.

Hili lisomeni vizuri hata kama hamtokuja kuihitaji hiyo nyumba. Mtu akikaa muda mrefu bila unga mwili unasahau. Kipimo alichokua anapiga kabla hajafungwa, ambacho kilikua kinamtuliza tu, akikirudia siku ya kwanza uraiani kinaweza kusimamisha pumzi palepale. Hajaongeza, kapiga kama zamani, anakufa. Ndo maana unasikia fulani katoka jela Jumatatu Alhamisi kazikwa na watu wanasema karogwa au polisi wamemuua. Mshauri wao alitutajia utafiti wa jimbo la Washington kule Marekani uliotoka 2007, walifuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magerezani, wakakuta kwenye wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ni karibu mara 13 ya watu wengine wa jimbo hilo, na kwa kuzidisha dawa peke yake ni mara 129. Mama mmoja akauliza 129 nini, asilimia? Akajibiwa mara, mama, mara. Kimya. Yule mama mwanae wa kwanza alikufa hivyohivyo mwaka juzi, alikua anadhani ni presha.

Sasa siku ya geti. Nilijipanga vizuri, nimeomba ruhusa kazini, nimemnunulia shati. Nikatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, mvua ikanyesha, foleni, daladala ikazima njiani, nimefika saa tatu kasoro, Dogo keshatoka saa mbili kamili. Laiti ingekua mimi tu ninayemsubiri asingenikuta. Ila ambao walikua pale kabla yangu ni wawili. Wa kwanza ni kijana wa maskani, yuko ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha vocha, kaja kumpokea rafiki yake, na mkononi ana zawadi mnayoijua. Bure kabisa, karibu nyumbani mwanangu. Yani biashara ya unga ina huduma kwa mteja kuliko mitandao ya simu. Wa pili ni yule jamaa wa soba hausi, yupo tangu saa kumi na mbili, kasimama mlangoni kabisa hadi askari wamemzoea wanamwambia wewe si uhamie humu, ana chupa ya chai na chapati mbili kwenye gazeti.

Dogo anatoka na shati lilelile alilokamatwa nalo, limekua kubwa, na mfuko wa rambo. Anasema alipotoka alimuona wa ng'ambo kwanza. Alimuona kabisa, wakapungiana. Na alikua ameshageuza mguu. Jamaa wa soba hausi hakumvuta wala hakusema neno lolote la wokovu, alimpa chapati, akamwambia "shika hii, nivae helmeti," na kwa sababu mikono yote miwili sasa ina vitu, mfuko huku chapati huku, akapanda pikipiki. Nilipofika mi nikakuta meseji: tumemchukua dada usiwe na wasiwasi njoo moja kwa moja nyumbani kwetu. Nilikaa kwenye kibanda cha vocha nikalia, na yule kijana wa maskani alikuwepo bado, akanipa pole. Akaniambia "sista hata mi nataka kuacha ujue." Sikumjibu, na mpaka leo inaniuma.

Hiyo chapati ndo nyota tatu kati ya nne nilizowapa, sitanii.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida. Vitanda vya dabodeka, wanaume kumi na nane, choo kimoja kati ya viwili hakivuti maji tangu nimewajua. Kuamka saa kumi na moja, dua kila mtu kwa dini yake, usafi, uji, alafu kikao cha asubuhi ambacho kila mtu anasema jina na hali yake na "kwa leo tu". Wanafuata zile hatua kumi na mbili za vikundi vya watu wanaoacha ulevi. Kupika kwa zamu, na siku ya zamu ya Dogo nilionja ugali wake nikaelewa kwanini wenzie wanamuombea apate kazi haraka. Sigara wanaruhusu, tena nyingi, ukifika Jumapili utadhani kuna tanuru. Simu hamna siku thelathini za mwanzo. Kwa anayetoka jela mwezi wa kwanza ni bure, baada ya hapo laki moja na nusu kwa mwezi, na risiti wanatoa, ya mkono ila wanatoa.

Niwalinganishe kidogo na pengine. Kabla hajafungwa tulishawahi kumpeleka sehemu nyingine, tulilipa laki tatu na nusu kwa mwezi. Tulikua tunaruhusiwa kumuona mara moja kwa mwezi na akiwa amekaa mbali. Kumbe usiku wanafungwa mnyororo mguuni wawili wawili, wamenyolewa vipara, ukijibu kitu unachapwa na mpira wa maji. Wenyewe wanaita nidhamu. Alitoroka wiki ya saba na mi nilimpigia kelele kwa kutoroka, nikamwambia hataki kupona. Kovu la mnyororo analo, ukilitazama utafikiri kavaa kikuku. Kwaiyo jamani kabla hujalipa popote, omba kuona wanapolala, uombe saa ya usiku, wakikataa geuza.

Kitu kingine wanachonifurahisha ni habari ya methadoni, maana hapa ndo soba hausi nyingi zinapogombana na hospitali. Methadoni kwa asiyejua ni dawa ya maji, unakunywa kila siku mbele ya muuguzi, inakata arosto na ile kiu kwa siku nzima, na kwenye kliniki za serikali ni bure. Ilianza Muhimbili Februari 2011, ikaja Mwananyamala, Temeke, sasa hivi iko mikoani pia na hata ndani ya gereza la Segerea wameweka. Ila ukienda soba hausi nyingi wanakwambia anayekunywa dozi sio klini, yani hajaacha, kabadilisha unga wa kwenye kete na unga wa kwenye chupa, hatumpokei. Mi nilikua upande huohuo kusema ukweli. Hawa wanapokea wote, wa dozi na wa kavu wasiotumia methadoni, wanalala chumba kimoja na kwenye kikao marufuku kumwambia mwenzio hajaacha. Asubuhi kuna msafara wa wanne watano wanaenda kliniki kwa daladala na mtu mmoja wa kuwasindikiza, kwenda na kurudi ni masaa matatu, na nauli ni ya nyumba. Hilo la nauli mtu anaweza akaliona dogo. Dozi ni kila siku ya Mungu, sikukuu, mvua, ukikosa siku tatu mfululizo wanaanza kukushusha kipimo kwa usalama wako. Kijana ametoka jela hana kazi, nauli ya kila siku anaitoa wapi kama sio kuiba pampu nyingine?

Alafu wana daftari. Yule mama wa stoo, ambaye ndo uti wa mgongo wa pale japo hana cheo, anaandika kila mtu anakunywa nini. Chumbani kwa Dogo kulikua na kijana aliyetoka ndani na TB, yuko kwenye dozi zote mbili, TB na methadoni. Kila ikifika saa tisa usiku anaanza miayo, makamasi, jasho, kama arosto kabisa, na wenzie wakaanza kusema huyu anapiga kwa siri. Yule mama akachukua daftari akaenda nalo kliniki, kumbe dawa moja ya TB, rifampisini, inaifanya ini limalize methadoni haraka kabla siku haijaisha. Wakampandisha kipimo kidogokidogo, wakamwambia na TB ikiisha lazima arudi ashushwe. Wiki mbili nyuma alikua anakaribia kufukuzwa kwa uongo ambao hajausema.

Na hili lilitakiwa lianzie huko ndani. Kuna zile kanuni za Umoja wa Mataifa za wafungwa, wanaziita Kanuni za Mandela, za 2015, ya 24 inasema matibabu ya mfungwa yaende sambamba na ya uraiani na yasikatike, imetaja Ukimwi, TB na utegemezi wa dawa za kulevya kwa majina. Mtu alikua anakunywa dozi, anakamatwa Ijumaa jioni kwa kuzurura, Jumatatu keshapoteza siku tatu. Nani anampelekea? Wale jamaa wanajaribu, wana namba za maafande wawili watatu wenye huruma, lakini hiyo ni huruma ya mtu, akihamishwa imeisha.

Sasa nyota ya tano.

Dogo aliteleza. Wiki ya tano, walitumwa sokoni wawili, akakutana na mtu, akapotea masaa manne akarudi amesinzia. Alikua ameamua kukaa kavu, dozi hataki. Walivyomshughulikia wao sina tatizo nako: hawakumpiga, hawakumfukuza, walimkalisha wakawa wanamuamsha na kumuongelesha usiku kucha wakihesabu pumzi zake, asubuhi wakamuuliza tena habari ya methadoni na safari hii akakubali, wakampeleka. Wakaanza naye na kipimo kidogo maana ile dawa inajikusanya mwilini siku za mwanzo, ukikimbilia kupandisha inaua nayo. Mpaka leo yuko kwenye dozi na yuko sawa. Tatizo langu ni kwamba mi niliambiwa SIKU YA NNE. Mdogo wangu kakaribia kufa na mimi niko ofisini natuma stika za heri ya Ijumaa. Nilivyouliza wakasema ni siri ya mteja, hakutaka ujue. Sawa, siri naiheshimu, ila basi msiniite kwenye vikao vya ndugu mkaniambia mimi ni sehemu ya matibabu. Chagueni moja. Nimewaambia kwa mdomo, sasa nawaandikia: mtu akiingia wekeni karatasi aandike mwenyewe, nikiteleza mpigieni nani na msimpigie nani, ishaisha kesi.

Alafu kwanini usiku ule walikua wanahesabu pumzi na vidole? Kuna dawa inaitwa naloksoni, inamrudisha mtu aliyezidisha ndani ya dakika chache. Uskochi tangu 2011 wana mpango wa taifa zima, mfungwa akitoka anapewa ya kwake aende nayo nyumbani. Pale hamna hata moja, wanategemea bajaji mpaka hospitali. Najua sio kosa lao peke yao, ila nyumba inayopokea watu wa wiki mbili za hatari bila hiyo kitu mi silali vizuri.

La pili ni pombe, na hapa nitakua mkali. Walevi pale ni kama watoto wa kambo. Kulikua na mzee mmoja wa gongo, alifungwa miezi sita kwa ugomvi, mimi na yeye tulikua tunakaa pamoja Jumapili maana hana mgeni. Alinihadithia alivyokatishwa pombe ghafla mahabusu, siku ya pili akaanguka degedege, siku ya tatu anaona siafu wanatoka ukutani anawakanyaga, wenzie wakasema mapepo wakamsomea dua. Kumbe kukatwa pombe ghafla kwa mtu aliyezoea kunywa kutwa kunaua haraka kuliko arosto ya unga, arosto inakutesa tu mara nyingi haikuui, ya pombe inataka hospitali na dawa za kutuliza kwa siku kadhaa. Hilo pale ndani ya nyumba halisemwi. Vikao vyote ni unga, mifano yote ni unga, mzee anakaa pale kama kaja kwenye msiba wa watu asiowajua. "Mwanangu," akaniambia, "hawa vijana wakitoka hapa inabidi wamtafute pusha. Mimi nikitoka hapa pombe iko kwenye duka lenye pampasi." Na kweli, viroba vya plastiki vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017 tukashangilia, sasa hivi ni chupa ndogo inaingia mfukoni vilevile. Mita hamsini kutoka kwenye geti lao kuna duka linauza. Mzee aliondoka wiki ya sita, hakuaga. Kwenye daftari la yule mama nimeona kaandikwa "ametoka mwenyewe". Hamna aliyemfuata. Angekua wa unga wangemfuata na pikipiki, hilo nina uhakika nalo.

La tatu, wanawake hamna. Wanawake wanatoka jela na unga wao vilevile, wengine na mtoto mgongoni, na nilivyouliza nikaambiwa tunatafuta nyumba. Mwaka wa pili huu wanatafuta. Kwenye kile kikao cha ndugu kulikua na mama ambaye binti yake ndo alikua anatoka, alikaa hadi mwisho akisikiliza ramani na chapati na kila kitu, alafu akaambiwa samahani mama. Kwanini mlimuita sasa?

Na vitanda vya wanaotoka jela ni vinne tu kati ya kumi na nane, vingine ni vya wanaolipiwa na ndugu tangu mwezi wa kwanza. Naelewa, kodi ya nyumba hailipwi na chapati. Ila ikitangazwa misamaha ya wafungwa, mfano Tisa Desemba, wanatoka wengi kwa mpigo na hao jamaa wako getini na pikipiki moja. Wanachagua. Nimemuuliza yule jamaa wa chapati unachaguaje, akasema "nachukua ambao hawajapungiwa mkono na mtu. Waliopungiwa mkono wana pa kwenda." Nikamwambia mbona mdogo wangu alipungiwa? Akacheka, akasema siku ile alikua katoka peke yake.

Baada ya miezi mitatu mtu anatoka na hapo ndo huduma inapoanza kupauka. Kuna kuosha magari, kuna fundi wa viatu anafundisha Jumatano, basi. Dogo sa hivi anaosha magari, anapata elfu saba hadi kumi siku nzuri, anakaa kwa shangazi yetu upande mwingine kabisa wa mji, kwa sababu ile karatasi ya njia bado haijabadilika. Nyumbani kwa mama anakuja Jumapili mchana kwa bajaji mpaka mlangoni, mama anasimama nje kabisa na kanga kumsubiri kama anapokea mahujaji. Gharama ya bajaji naitoa mimi na siioni.

Kwa wanaotaka kujaribu: msisubiri siku ya kutoka. Nenda gerezani uulize tarehe, wanakupa, mi sikuwahi kuuliza tu. Ukishaijua, miezi mitatu kabla nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako au kliniki ya methadoni iliyo karibu na wewe uwaambie nina mtu anatoka tarehe fulani, hao nyumba za namna hii wanazijua kwa majina, nzuri na mbaya. Ukifika uliza vitu vinne: mnaenda getini nyie au nimlete, dozi mnaruhusu, wanalala wapi nione, akiteleza nani anapigiwa simu. Kama mtu wako ni wa pombe sema mapema na upambane aonwe na daktari kwanza, usikubali jibu la "ni walewale tu".

Ukiwapata hawahawa ninaowasema, mlango ni wa bati, kengele ipo ila haifanyi kazi, gonga kwa nguvu. Jumapili wageni ni saa nane mpaka saa kumi jioni. Peleka sabuni ya mche na majani ya chai, sukari wanayo. Na kama kuna mzee yeyote amekaa peke yake kwenye benchi la pembeni ya tangi msalimie.